Baba Alipokuja Kumlisha Zuhura

Usiku ule sikupata usingizi, kwa hiyo ndoto ilinikuta mchana wa kesho yake, baada ya adhuhuri, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka sebuleni na feni inazunguka pole pole juu yangu. Mimi si mtu wa kuota. Nikiota, nikiamka nimeshasahau. Hii naikumbuka yote, na naisimulia kama nilivyoiona.

Kwanza niseme kilichonikosesha usingizi. Jioni yake Shangazi Somoe, dada wa marehemu baba yangu, alinipigia simu kutoka kijijini. Sisi tunakaa Masasi mjini: mimi, mume wangu Issa, na binti yetu Zuhura mwenye miaka minane. Kijijini kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ukielekea Newala. Shangazi alisema Jumamosi watamsomea Baba dua, mwaka wa tatu sasa tangu tumzike.

"Nitakuja, Shangazi," nikamwambia. "Zuhura atabaki na baba yake."

"Dua ya babu yake, mjukuu abaki?"

"Sababu unaijua."

"Naijua," akasema, tukaagana.

Sababu ni korosho. Kwetu korosho ndilo shamba, ndicho kitafunwa cha mgeni, ndicho kiungo cha mboga. Zinabanguliwa uani, zinakaangwa, zinatwangwa na kutiwa kwenye kisamvu mpaka kinakuwa kizito na kitamu. Zuhura hawezi kuzila. Alipokuwa mdogo niliona zikimwasha mwili, nikamwambia Baba, naye akacheka. "Mtoto wa huku akataliwe na korosho? Hiyo ni damu ya mjini, itazoea." Zuhura alikuwa na miaka minne siku tuliyokaa kwa Baba kuzunguka sinia, Baba akamega tonge la ugali, akalichovya kwenye kisamvu, akamlisha. Ndivyo alivyotulisha sisi sote tulipokuwa wadogo. Mimi nilikuwa jikoni nafuata maji. Niliporudi midomo ya mtoto ilikuwa imevimba na kifua kinalia kama filimbi. Issa alimbeba mbio mpaka barabarani. Hospitalini walimchoma sindano, pumzi ikarudi. Daktari akatueleza kwamba mtoto ana mzio wa korosho, kwamba mwili wake unaziona kama sumu, na kwamba punje moja inatosha.

Siku nne baadaye nilirudi kwa Baba peke yangu. Sikukaa. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Baba, mkono wako usimkaribie tena mwanangu akiwa anakula."

Aliitazama mikono yake, akaiweka mapajani.

Baada ya hapo alikuja kwetu mara mbili. Mara zote mbili, chakula kilipotengwa alisogea upande wa mbali wa mkeka, akala kwa kijiko, na Zuhura alipomsogelea alijifanya anatafuta miwani. Mwaka mmoja na kitu baada ya lile tukio alifariki kwa kifua. Yale maneno nilikuwa sijayafuta. Nilikuwa nangoja nafasi nzuri, na nafasi nzuri haikuja.

Na kuna jambo la pili, ambalo Issa alinieleza mara nyingi nikamkatalia. Daktari alikataza korosho tu. Mimi niliendelea. Niliondoa karanga, kwa sababu zinafanana na korosho machoni. Nikaondoa samaki, kwa sababu siku moja alijikuna baada ya kula samaki. Nikaondoa mayai, halafu biskuti za dukani, halafu kila kitu kilichopikwa na mkono usiokuwa wangu. Shuleni wenzake wakigawana pipi au keki, Zuhura anaweka yake mfukoni na kuniletea, na mimi naitupa. Amezoea. Hata haulizi tena. Anaishi kwa wali mweupe, maharage, ugali na ndizi, na ukimuuliza anapenda chakula gani anakujibu, "Chochote ambacho hakina shida."

Basi nikalala pale mkekani, na mambo yakawa hivi.

Nilikuwa nimekaa kwenye dawati katika darasa la Zuhura, magoti yamebana chini ya ubao. Watoto walikuwa wanakula, kila mmoja na chake, na hakuna aliyenitazama. Mbele yangu dawati lilikuwa tupu. Baba akaingia amevaa kanzu yake ya Ijumaa na mkononi ameshika kikapu cha ukindu. Nilijua kwamba amekufa. Sikushtuka. Ilikuwa kama kujua kwamba leo ni Jumatano.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Inuka, twende dukani."

Tunatoka mlangoni na tayari tumo dukani. Ni duka ambalo silijui, rafu zake zinapanda juu mpaka macho yanashindwa kuzifuata. Muuzaji hayupo. Baba anachukua pakiti ya biskuti, anaigeuza nyuma, anaisogeza karibu na macho na kuanza kusoma yale maandishi madogo.

"Unga wa ngano," anasema. "Sukari. Mafuta ya mawese. Chumvi."

Baba hakujua kusoma. Maisha yake yote alitia sahihi kwa dole gumba. Hapa anasoma bila kukwama, kwa sauti ile ile ya kawaida aliyokuwa akihesabia miche. Anatia pakiti kikapuni. Anachukua nyingine, anasoma moyoni mpaka mwisho, anairudisha taratibu mahali pake.

"Hii hapana."

Anakwenda rafu kwa rafu. Mimi namfuata nyuma, mikono mitupu. Ndipo nagundua kwamba sisomi. Kwa miaka minne hakuna pakiti iliyoingia nyumbani kwangu bila macho yangu kupita juu yake mara mbili, na sasa mtu mwingine anasoma, na mimi natembea tu. Mabega yangu ni mepesi mpaka naona aibu.

Rafu zinabadilika. Sasa kuna karanga, kuna samaki wakavu, kuna trei za mayai, kuna biskuti, kuna keki zenye sukari ya rangi juu. Ni vitu vyote nilivyoondoa, vimepangwa kwa mfuatano ule ule niliotumia kuviondoa. Baba ananitazama.

"Hivi alikataza daktari?"

"Hapana."

"Nani alikataza?"

Yeye hangoji jibu. Anachukua mayai, anachukua samaki, anavitia kikapuni, na kikapu hakijai.

Halafu tuko uani kwake kijijini. Hakuna mabanda ya kubangulia, hakuna maganda ya korosho chini, uwanja umefagiwa mpaka unaonyesha mistari ya ufagio. Jiko la mkaa linawaka. Baba, ambaye katika uhai wake sikuwahi kumwona akishika hata sufuria, amekunja mikono ya kanzu na anakaanga vitumbua. Anamimina uji wa mchele katika kila shimo la chuma, anavigeuza kwa kijiti, na mafuta yanachemka bila sauti yoyote. Zuhura amekaa mkekani na sare yake ya shule, miguu ameinyoosha mbele. Hanitazami mimi. Anatazama vitumbua.

"Nimiminie maji," Baba ananiambia.

Mkononi mwangu kuna birika. Namimina. Baba ananawa kwa sabuni ya kufulia, ile ya mche, anasugua viganja, anasugua kati ya vidole, anasugua mpaka kwenye viwiko. Anachokonoa chini ya kucha, moja baada ya nyingine. Maji hayaishi katika birika na mkono wangu hauchoki.

"Yatosha, Baba."

"Bado."

Anaanza tena. Povu linateremka, linapita miguuni kwetu, linatoka uani. Mwishoni anakung'uta mikono na kuninyooshea, viganja juu.

"Nusa."

Nainama. Nanusa.

"Inanukia nini?"

"Sabuni."

"Na nini kingine?"

Nanusa tena, kwa muda mrefu, kama ninavyonusa chakula cha watu. "Hakuna kingine."

Anachuchumaa mbele ya Zuhura. Anamega kitumbua, anakipuliza, anakipeleka mdomoni mwa mtoto. Nataka kupiga kelele asubiri. Mdomo wangu umejaa kitu laini kama unga uliokandwa na sauti haipiti. Zuhura anafunga mdomo, anatafuna, anameza. Natazama midomo yake. Nangoja ivimbe. Natazama koo, natazama kifua, nasikiliza ile filimbi. Anapumua kama anavyopumua akiwa amelala. Kisha anafungua mdomo tena, na Baba anamega kingine.

Anamlisha hivyo, tonge kwa tonge, bila haraka. Mafuta yanang'aa kidevuni mwa mtoto na Baba anayafuta kwa dole gumba. Zuhura anacheka, mdomo umejaa, na mimi nawaza kwamba sijawahi kumwona akicheka huku anakula. Siku zote hutafuna kidogo, hunyamaza, hunitazama usoni, akisubiri nimwambie kama yuko salama.

"Baba," nasema, na sauti sasa inatoka, "yale maneno niliyokuambia pale mlangoni..."

"Yalinistahili," anasema. "Nawe yaache, yamekwisha."

Hainui uso. Anamfuta mtoto vidole, kimoja kimoja, kwa upindo wa kanzu yake. Anaposimama, magoti yake yanalia kama yalivyokuwa yakilia zamani. Ua umekuwa mrefu, mwisho wake siuoni, na yeye ameshaanza kwenda. Hatua chache mbele anageuka.

"Kuogopa ameshajua, Halima. Sasa mfundishe kushiba."

Nikaamka.

Umeme ulikuwa umekatika na feni imesimama. Gauni lilikuwa limenigandia mgongoni. Zuhura alikuwa amerudi kutoka shuleni, amechuchumaa kando ya mkeka na begi bado mgongoni, ananitazama.

"Mama, ulikuwa unatafuna," akasema.

"Nimemwota babu yako. Wa kijijini."

Akafikiri. Babu yake anamkumbuka kidogo sana, miwani na kikohozi tu. "Alisemaje?"

Nikamwambia kama nilivyoambiwa. Zuhura alikunja uso kama anavyokunja akipewa hesabu ngumu.

"Lakini mimi nashiba kila siku," akasema.

Nikamvua begi, nikamwambia akabadili nguo. Alipoingia chumbani nikachukua simu na kumpigia Shangazi Somoe.

"Shangazi, Jumamosi tunakuja wote watatu."

"Alhamdulillah."

"Ngoja kwanza. Nina ombi, na likishindikana sitakasirika. Chakula cha siku hiyo kisiwe na korosho. Si sahani yake tu. Chote, cha kila mtu. Kisamvu, wali, kila kitu. Na uani pasibanguliwe kitu tangu Alhamisi. Nataka akae kwenye sinia na watoto wenzake, ale wanachokula."

Nilikuwa nangoja acheke, kama alivyocheka kaka yake. Kumwambia mtu wa kwetu apike kisamvu cha shughuli bila korosho ni sawa na kumwambia apike ugali bila unga. Upande wa pili nilisikia kiti kinasogezwa.

"Sufuria zipo," akasema.

"Sufuria gani?"

"Baba yako alinunua mbili mpya, na mwiko wake, mwezi ule aliotoka kwenu mara ya mwisho. Akaniletea mwenyewe. Akasema, dada, hizi ni za Zuhura, zisipikiwe korosho hata siku moja, na wewe kabla hujazishika unawe mikono kwa sabuni. Nikazifunga kwenye kanga, nikaziweka juu ya kabati. Mpaka leo hazijaona moto."

Nilihamishia simu sikio jingine.

"Mbona hukuniambia, Shangazi? Miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alisema ukija na mtoto utaziona mwenyewe. Mimi nikawa nangoja mje." Akakohoa. "Na nyinyi mkawa hamji."

Chumbani Zuhura alikuwa anajiimbia wimbo wa shule huku anafungua na kufunga kabati. Nilijifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Halima, upo?"

"Nipo, Shangazi."

"Usilie, mwanangu. Kisamvu nitatia nazi, nazi mbili nzima. Wenye kutaka korosho watakula kwao. Nyinyi njooni na njaa."