Nyasi Mbichi Sebuleni

Juzi niliona betri chakavu ya gari mlangoni kwa fundi, nikaikumbuka sebule yetu ya Kasulo.

Miaka ile ya wakimbizi, baba alizipasua betri za malori humo ndani na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ili azibe masufuria yaliyotoboka. Mdogo wangu Domitila alikuwa akilamba vumbi la sakafuni. Leo najua ndilo lililomdhoofisha. Wakati ule nilijua tu kwamba shangazi alimpeleka zahanati na walikuwa hawajarudi.

Mchana mmoja bwana afya alikuja na wanaume wawili, wakamwagia maji sakafu yetu, wakaanza kuchimba. Harufu ya udongo mbichi ilijaa nyumba. Kisha mama akaingia na mzigo wa nyasi mbichi, kama zile tulizokuwa tukitandika sebuleni siku za msiba.

Nikamkumbatia bwana afya miguu. "Msimzike Domitila!"

Alichuchumaa. "Tunatoa udongo wenye sumu, mwanangu. Mdogo wako atalala juu ya udongo mpya uliotandikwa nyasi hizi."

Jioni Domitila aliingia akiwa mgongoni kwa shangazi, akazitazama nyasi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Mama alicheka mpaka akakaa chini.