Dole Gumba Upande wa Ndani

Kaka yangu ni fundi saa, na mtu mwenye kichwa kigumu kumzidi sijakutana naye bado. Mtaani wanamwita Sekunde, kwa sababu ukimwambia saa yako inachelewa dakika mbili atakuuliza mbili na ngapi. Duka lake ni chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, meza ya mbao iliyopigwa ukingo ili skrubu zisidondoke, na saa kama arobaini ukutani, kila moja na wakati wake. Miaka nenda miaka rudi namwambia azipange ziseme jambo moja. Hujibu kwamba si zake, ni za wateja, na yeye hagusi kitu ambacho mwenyewe hajasema kiguswe. Laiti angeshika msimamo huo mwaka huu.

Mimi ni karani. Ofisi yetu inatazamana na duka lake, na kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa kuchukua alama za vidole za wanaotaka vitambulisho, kwa wino na kwa mashine. Vidole navijua kuliko sura. Kaka alipokuja kuchukua chake, mashine ilimkataa mara sita. Dawa za kusafishia saa na msasa zimemla ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Wenzangu walimtania wakamwambia aache saa aingie kwenye wizi, hatakamatika. Hakucheka, na mimi nilicheka kwa niaba yake.

Tulikuwa watatu. Wa mwisho alikuwa rubani wa ndege za kivita, mtoto mtundu, mpole, asiyeweza kupita karibu na kitu bila kukishika. Alifariki miaka kumi na tano iliyopita. Ndege yake iliingia majini wakati wa mazoezi. Aliacha mke na binti wa miaka minne, na huyo binti tulimwambia kile tulichoambiwa tumwambie: ilikuwa kufumba na kufumbua, baba hakuhisi kitu.

Wifi yangu aligawa kila kilichokuwa cha mumewe kabla hata mwezi haujaisha. Nguo, viatu, kalamu, mpaka kikombe. Simlaumu. Alisema hawezi kulala chumba kimoja na yale mashati. Lakini binti amekua. Mwaka huu ametimiza kumi na tisa, amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi mji mwingine, na wiki tatu kabla ya kuondoka alikuja dukani kwa Kaka na swali moja tu. Alitaka kujua kama duniani kuna kitu chochote ambacho baba yake alikishika kwa mikono yake, ili aende nacho.

Kaka akafungua droo ya chini akatoa boksi.

Ilikuwa ndege ya plastiki ya kuunganisha, mfano wa ile ile aliyokuwa akiirusha marehemu. Unajua zile, vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu, kila kipande na namba yake, na karatasi ya maelekezo. Mdogo wetu aliileta dukani mwaka ule aliofariki ili aazime kibano na lenzi za Kaka. Alianza na chumba cha rubani, na hakufika mbali zaidi ya hapo. Kiti kilikuwepo, fimbo ya kuongozea ilikuwepo, mikanda ya uzi, na mbele ya kiti kitanzi kidogo cha waya kilichopakwa rangi ya njano na nyeusi, chembamba kama kope. Binti aliinamia boksi kwa muda mrefu. Hakugusa. Akamwomba baba yake mkubwa amalizie iliyobaki.

Sasa sikia alichofanya huyo mwanaume. Fundi hawezi kuanzia kazi ya mtu mwingine bila kuikagua, ndivyo walivyo wote. Akachukua karatasi ya maelekezo akalinganisha. Akaona kiti kimelala nyuma kuliko kwenye picha. Akaona mikanda haimo kwenye karatasi. Kile kitanzi cha waya hakina namba. Basi akahesabu yote hayo kuwa ni makosa ya mtu asiye fundi. Akang'oa waya, akang'oa uzi, akaondoa rangi kwa dawa yake ya saa, akaviosha vipande vyote kwa maji ya sabuni, vya plastiki na kile kioo cha kufunika juu, akavikausha kwa kitambaa. Kiti akakirudisha kikiwa wima.

Jumamosi binti akaja, mimi nikiwepo. Kaka anamwonyesha kazi kwa fahari, kifua mbele. Binti akatazama, akauliza waya uko wapi. Kaka akaeleza kwamba haukuwa kwenye maelekezo.

"Baba mkubwa," binti akasema, "baba ndiye aliyekuwa anakaa humo."

Kisha akaeleza, taratibu tu, kwamba kitanzi kile ndicho rubani anachokivuta ili kiti kimrushe nje ndege ikianguka. Alikwisha kusoma kila kitu kuhusu ndege ile, masikini, tangu ana miaka kumi. Akashika mkoba wake akatoka bila kuaga.

Mimi sina siri tumboni. Nilimsema Kaka mpaka koo likanikauka. Nilimwambia mtoto aliomba kitu kimoja, na wewe umekiosha kwa sabuni. Alipekua pipa la taka, likawa limeshamwagwa. Nilipotoka alikuwa ameshika tama, anatazama kioo cha ile ndege kilichokuwa kimelala peke yake kwenye kitambaa.

Jumatatu akaanza upya. Alikata waya mpya, akaupaka njano na nyeusi, akafunga uzi kwa kibano, yote kutoka kichwani. Kiti akakilaza vile alivyokikuta. Nilipita saa ya chakula nikakiona kimekaa vizuri. Kesho yake kilikuwa kimeachia. Akakibandika tena kwa gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha vipande vishikane moja kwa moja. Jumatano kimeachia, na pale kilipokuwa kimebandikwa palikuwa laini, hapana hata alama ya gundi.

Alhamisi nilikuwepo anafungua boksi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa na uzi, yeye mwenyewe alikifunga. Ndege ilikuwa mahali pake. Kiti kilikuwa nje ya ndege, kimelala ubavu kwenye kona ya mbali ya boksi. Kaka akasema ni malori yanayopita barabarani yanatikisa meza. Nikamwuliza ni lori gani linalotoa kitu ndani ya shimo likaacha fimbo na waya. Akaniambia nirudi kazini kwangu. Nilirudi, nikamchafua mteja mmoja kwa wino.

Ijumaa alikasirika. Akachukua supaglu, akakibandika kiti, na kwa hasira hizo hizo akafunga na kioo juu saa ile ile bila kusubiri gundi ikauke. Hilo kosa hata mimi nalijua. Ile gundi ina mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unaganda kwenye kioo unakuwa ukungu mweupe. Wapelelezi huutumia kwa makusudi kuibulia alama za vidole, tulionyeshwa kwenye semina.

Nilipoingia saa saba mchana, kioo chote kilikuwa cheupe. Kaka alikuwa amesimama mbali na meza, mgongo kwenye ukuta, saa zinagonga juu ya kichwa chake. Akaninyooshea lenzi.

Kwenye ule ukungu palikuwa na dole gumba. Lilikuwa zima, mistari yote inasomeka, limebonyezwa upande wa ndani.

Nilifanya kazi yangu, maana nisingeifanya ningepiga kelele. Halikuwa la Kaka, yeye hana alama. Nilipaka wino dole langu nikalibandika kwenye karatasi, mistari yangu inazunguka, hii imepinda kama kitanzi kinachoangalia kushoto. Binti hakugusa. Kaka aliapa kwamba tangu alipokiosha kioo na kukifuta hajakishika ila kwa kibano. Na katikati ya alama ile, kutoka upande huu hadi huu, ulipita mkato ulionyooka.

Mkato ule naujua. Mdogo wetu alipofika miaka kumi na minane mimi ndiye niliyemchukua alama, na dole lake gumba lilinisumbua mara tatu kwa sababu ya kovu la kopo la maziwa. Nikatafuta kiti nikakaa. Niliogopa, na nilitamani kulibusu.

Kaka akaanza kuongea kwa sauti ya chini. Aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia, wala kumwambia mama yetu hadi anakufa. Walipoivuta ndege kutoka majini, yeye ndiye aliyekwenda kumtambua marehemu. Kioo cha chumba cha rubani kilikuwa bado kimefungwa. Hakikuwa na ufa. Na kwa ndani kilikuwa kimejaa alama za mikono.

Basi akachukua msasa laini na dawa ya kung'arishia. Alitaka aking'oe kioo, akisugue mpaka kiwe safi kabla binti hajakiona. Nikamshika mkono. Nilimwambia mtoto aliomba kitu ambacho baba yake alikigusa, na hiki hapa, tumeletewa. Naye akaniambia, akiona hiki atajua tulimdanganya miaka kumi na tano, atakwenda chuoni na mzigo huo, na usiku wa kwanza ugenini atalala nao. Tulivutana hivyo juu ya meza, watu wazima wawili wenye mvi, na kweli sijui nani kati yetu alikuwa na haki.

Hatukusikia mlango. Binti alikuwa amekuja kuaga, basi lake ni alfajiri ya kesho, na alikuwa amekuja pia kumwomba baba yake mkubwa msamaha kwa kutoka bila heshima. Aliyasema hayo yote akiwa bado mlangoni. Kisha akaona nyuso zetu, akaiona na ndege.

Aliinyanyua kwa mikono miwili akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akaweka dole gumba lake juu ya kioo, kwa nje, pale pale, akalitoa, akaliangalia dole lake.

"Mliniambia hakuhisi kitu," akasema.

Mimi nikaikunja ile karatasi yenye wino.

"Kioo kilikuwa kimefungwa, mwanangu," Kaka akasema. "Nilikiona kwa macho yangu. Nilishindwa kukuambia."

Binti hakulia. Aliirudisha ndege mezani, akaigeuza ili pua ielekee kwake Kaka, na akausogeza karibu yake ule wembe mdogo wa kukatia.

"Mfungulie, baba mkubwa."

Kaka hajawahi kuvunja kazi iliyokwisha. Alivaa lenzi jichoni, akaweka ncha ya wembe kwenye mshono, akaanza kuzunguka kidogo kidogo. Ilichukua kama dakika kumi. Mwisho kioo kikaachia, kizima, akakiinua kwa kibano.

Harufu ya gundi ikatoka. Kaka akavuta nyuma kiti alichokalia, akajisogeza pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Na mimi nikasogea.