Cherehani Isiyotaka Mguu

Mjukuu wangu anasoma fizikia. Anasema kanuni za joto na nishati hazina mwanya hata mmoja: mashine isiyolishwa haifanyi kazi, na hata inayolishwa hupoteza kitu njiani. Nilicheka. Baba yangu aliutafuta mwanya huo miezi mitatu, barazani kwetu Gisenyi, miaka ya hamsini.

Alikuwa fundi wa nguo, na mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba hata hawezi kukanyaga cherehani. Kazi nyingine hakuijua, na Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia. Lakini alikuwa ameona jambo: ukiacha kukanyaga, pedali huendelea kidogo kupanda na kushuka.

"Gurudumu inasukuma pedali, pedali inasukuma gurudumu," akasema. "Sasa muguu ni ya nini?"

Akafunga gurudumu jingine, zito, la mbao. Akatia mafuta kila penye msuguano. Alipolisukuma kwa mkono lilizunguka muda mrefu, hata mimi binti yake nikaamini. Kisha akaweka kitambaa. Sindano ikachoma mara nne, tano, ikasimama. Kesho yake akaongeza mafuta, na keshokutwa pia. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia vilevile, maana wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao.

"Fundi," dereva mmoja wa lori akamtania, "camion yangu bila mafuta haifike hata Goma hapo."

Baba hakucheka.

Wiki ya mwisho kabla ya Idi mama alivuta kigoda, akakaa mkabala naye. Mikononi alidarizi kofia. Chini ya meza, nyuma ya nguo zilizoning'inia, mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Baba akashona kanzu kutwa nzima. Hakumshukuru. Wateja aliwaambia, "Nimepata dawa yake. Inajiendesha." Mama alilowa jasho, nami nilitamani kupiga kelele.

Siku ya tatu dereva akafuata kanzu yake.

"Angalia," baba akamwambia, "haikule kitu!"

Mama akauondoa mguu. Sindano ikasimama katikati ya kola. Baba akasukuma gurudumu kwa kiganja. Likazunguka, likasimama tena. Dereva akatazama barabarani.

"Mama watoto," baba akasema mwishowe, sauti imemshuka, "nakuomba muguu."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwomba kitu.

"Mi sijakula tangu asubui," mama akajibu.

Niliinuka niende jikoni. Baba akanizuia. Akashika ukuta, akasimama kwa taabu, akaenda mwenyewe kumletea chai na mandazi.