Kinyago cha Nafula

Kinyago kilikataa kufunga. Wahudumu wawili walikibonyeza, mwanangu Nafula, wa miaka tisa, akiwa amelala chini yake kwenye meza ya kuchomewa miale.

"Mama, kinanifinya."

"Amenona," mmoja akaniambia, kama ananipongeza.

Wacha nirudi nyuma, kwa nyinyi majirani mnaouliza safari ilikuwaje.

Hapa mtaani Huruma, mwezi wa pili. Nafula anaamka akitapika, kichwa kinamgonga, anatembea kama mlevi. Kilonzo wa zahanati yetu, mtaalamu wetu, akampa dawa ya minyoo. Mara tatu. Lazima hiyo minyoo ilikuwa imesoma kunishinda mimi wa darasa la tano, maana ilipanda mpaka kichwani.

Mtaa wa Donholm, mwezi wa tano. Mama ninayemfulia nguo alimwona akijigonga kwa mlango ulio wazi. "Mama Nafula, hii si minyoo. Ingieni kwa gari."

Hospitali kubwa, siku hiyo hiyo. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, ule mkali unaokimbia. Daktari akapasua, akatoa alichoweza. "Uliobaki tutauchoma na miale. Wiki nne zisipite."

Wakamtengenezea kinyago cha kushika kichwa kisisonge: plastiki ya moto ikamlalia usoni, ikapoa na sura yake, mpaka kidevu. Nafula akacheka. "Sasa tuko wawili."

Siku ya miale, mlangoni kuna karatasi: mashine iko kwenye matengenezo. Bwana Musembi, mkubwa wa mashine, alikuwa anakunywa chai.

"Mama, kuja wiki ijayo."

"Na uvimbe umeuambia ungoje?"

"Mama, usiniletee siasa."

Nikaja wiki ijayo. Nikaja wiki ijayo mara saba. Sista mmoja akaninong'onezea: kimekosekana kipuri kimoja, na barua ya kukiagiza iko mezani kwa Musembi, haina sahihi, imekaliwa na kikombe.

Huko nyumbani Nafula alikuwa akimeza tembe za kuzuia ubongo usifure, zikamfurisha uso. Mashine ilipopona, kinyago kikamkataa. Kipya kilitaka siku tano. Nafula alikuwa amebakiwa na tatu.

Nilirudi Huruma na kinyago kwenye kiondo. Nilichojifunza safarini ni kwamba mashine ikilala huandikiwa karatasi mlangoni. Mtoto haandikiwi.

Bwana Musembi, kinyago kiko ukutani kwangu, sura yote ya Nafula. Njoo usimame mbele yake, ukieleze kwa nini hukutia sahihi.