Mihuri Thelathini na Moja ya Hinokuchi

Orihara Tsuneko alisoma mita za gesi kwa miaka thelathini na miwili, na miaka yote hiyo kamera yake ilikaa kwenye mfuko mmoja na daftari la mita. Mita za Hinokuchi, mtaa mkongwe wa mashariki mwa Osaka, ziko nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro ambao mtu mnene hupita kwa ubavu. Kwa hiyo Tsuneko aliujua mtaa kwa upande wake wa nyuma: nani ameanika soksi zilizotoboka, nani kanunua sufuria mpya, nani hapiki tena tangu afiwe. Hivyo ndivyo vitu alivyopiga picha. Mahekalu na miti ya mcheri, alisema, vina wapigaji wa kutosha.

Alikuwa na sharti moja. Kila aliyempiga picha alipelekewa nakala mlangoni, kwa mkono. Akiipokea, filamu ilihifadhiwa. Akikunja uso, Tsuneko alitoa mkasi mfukoni na kuikata filamu hapohapo, mbele ya macho yake. Ndiyo maana watu walimwachia awapige wakiwa na povu la dawa ya meno mdomoni. Walimwita dada wa gesi, na waliendelea kumwita hivyo hata alipostaafu na kuvuka miaka sitini na saba.

Mwaka ambao habari hii inahusu, kampuni ya ujenzi ilikuja Hinokuchi na taulo. Ndivyo inavyofanyika: anayekusudia kuwasumbua majirani huwapelekea kwanza taulo jipya ndani ya karatasi, akainama, akaomba radhi kabla ya kosa. Kaya zilikuwa thelathini na moja, na zote zilipata taulo. Mpango ulikuwa kubomoa safu zote nne za nyumba za mbao na kusimamisha jengo la ghorofa thelathini na nane. Mgawa taulo alikuwa kijana wa suti ya kijivu, Segawa, mwenye sauti ya muuguzi.

Kwa Tsuneko, Segawa alikwenda mara tatu. Alizitaka picha zake.

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, Bi Orihara," alisema. "Mtaa usije ukasahaulika."

"Usipoubomoa hautasahaulika," Tsuneko alimjibu.

Mara ya pili alileta halua ya maharage kutoka duka linalosifika, na Tsuneko alikataa tena. Mara ya tatu alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya mlangoni, suti na yote, wakati majirani wawili wamesimama nje na mifagio ambayo haikuwa inafagia chochote. Kumkatalia mtu mara ya tatu akiwa katika hali hiyo ni jambo ambalo Tsuneko hakuwa amelelewa kulifanya. Alimpa picha arobaini. Wenye sura zilizomo hakuwauliza. Lilikuwa kosa lake, na hajawahi kuliita kwa jina jingine.

Mwezi Juni ilifika barua ya ofisi ya mipango. Ilisema kwamba kutokana na ombi lenye mihuri ya wakazi walio wengi sana, mpango wa Hinokuchi utaanza kujadiliwa rasmi, na kikao kitakuwa Septemba. Kama ofisi ingekubali, nyumba zingeanza kuvunjwa mwaka ukigeuka.

Tsuneko hakukumbuka kuweka muhuri wake, ambao huko ndio sahihi ya mtu, kwenye ombi lolote. Aliitazama barua kwa muda, kisha akatoka kwenda kwa Kumagae, fundi wa mikeka ya tatami, ambaye kwa miaka hamsini na tano alikuwa akishona kwenye chumba cha mbele kilicho wazi barabarani. Kumagae alikuwa na miaka themanini na mmoja, na hakuwa na mahali pengine pa kushonea wala pa kulala.

"Joto limeanza, Mzee Kumagae."

"Limeanza."

"Barua zimefika."

"Zimefika." Aliisukuma sindano kwa kiwiko, akavuta uzi. "Yangu nimeifunikia chungu cha kachumbari. Inakaa vizuri."

Tsuneko alingoja. Kumagae naye alingoja. Kila mmoja alikuwa na swali moja kwa mwenzake: je, wewe ni miongoni mwa walio wengi? Lakini kumuuliza jirani hivyo ni kumshtaki, na iwapo jibu ni ndiyo, ni kumwaibisha kwa kutaka bafu jipya na lifti. Wakazungumza habari za matango. Tsuneko akarudi kwake akiamini kwamba Kumagae ameuza, na Kumagae akashona mkeka akiamini kwamba dada wa gesi ameuza. Katika nyumba thelathini na moja, wiki ile, watu walikuwa na adabu namna hiyohiyo. Kila aliyepinga alidhani yuko peke yake, na kwa kuwa hakutaka kuwa kero kwa wengine, alinyamaza.

Ukumbi wa maonyesho wa kampuni ulifunguliwa Julai, karibu na stesheni. Wakazi walipelekewa kadi za mwaliko. Kumagae alivaa koti lake la misibani, kwa sababu hakuwa na jingine, na Tsuneko akaongozana naye. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, mfano wa jengo ndani ya kioo, na jiko la maonyesho lenye bomba linalojifungua lenyewe. Ukutani kulikuwa na picha za Tsuneko.

Zilikuwa zimekuzwa hadi mita moja na nusu. Juu ya jiko hilo alikuwepo Kiyono, mke wa Kumagae, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Yumo kwenye roshani ya mbao akipiga godoro kwa fimbo, mdomo wazi kwa kicheko, kwapa zimelowa. Chini yake kampuni ilikuwa imeandika: Kwaheri, vumbi. Karibu, kesho.

Kumagae aliisogelea picha.

"Dada wa gesi."

"Naam."

"Yule ni Kiyono."

"Ndiye."

"Uliniambia picha ile ina nakala mbili. Yangu, na filamu yako."

"Niliwapa. Sikukuuliza. Nimekukosea."

"Umenikosea," Kumagae alikubali, bila kupandisha sauti. "Lakini wewe hukumwita vumbi." Akageuka. "Mwanamke yule alisugua sakafu kila asubuhi kwa miaka arobaini na mitatu. Leo anauza jiko! Nani kamwajiri?"

Hapo ndipo Tsuneko alipotaka kuondoka, na hapo ndipo alipoiona picha ya mwisho, karibu na mlango. Aliipiga Februari ya mwaka uleule. Ilikuwa mkono wa Kumagae tu, vidole vimepinda kwa kazi, ukigonga muhuri mdogo mwekundu kwenye ubao wa zamu.

Ubao huo kila mtaa unao. Tangazo hubanwa juu yake, na nyumba moja huupokeza nyumba inayofuata. Ukishasoma, unapiga muhuri kwenye mraba wako na kuutundika kwa jirani. Ukweli ni kwamba wengi hawasomi. Kukaa na ubao siku mbili ni kuwachelewesha wenzako, kwa hiyo watu hupiga muhuri viatu vikiwa bado mguuni. Waliochagua picha ile waliupenda mkono. Hawakujisumbua na karatasi. Lakini kwa ukubwa ule karatasi ilisomeka hata kwa mtu aliyesimama mlangoni: Mafunzo ya kuzima moto, Jumapili saa nne asubuhi. Ukishasoma, piga muhuri. Chini yake mihuri kumi na minne, wa kumi na nne ukiwa juu chini.

"Mzee, kwa nini huwa unageuza muhuri?"

"Tadokoro hukasirika," alisema Kumagae. Tadokoro alikuwa mwenyekiti wa mtaa. "Kila mwezi ananiambia, Kumagae, ugeuze. Basi naugeuza."

Tsuneko hakucheka. Alikuwa anatazama kando ya picha, ambako kampuni, kwa fahari yake, ilikuwa imetundika ndani ya fremu nakala ya ombi la wakazi. Sisi wakazi wa Hinokuchi tunaomba mtaa wetu ujengwe upya. Chini yake mihuri thelathini na moja. Wa kumi na nne ulikuwa juu chini. Wa tisa ulikuwa umeparuzwa kuelekea kushoto, kama ulivyoparuzwa kwenye picha, na wa sita ulikuwa umeukalia mstari, kama ulivyoukalia kwenye picha. Walikuwa wamekata tangazo la moto na kubandika ombi mahali pake.

"Mzee Kumagae," alisema Tsuneko, "uliomba nyumba yako ivunjwe?"

"Mimi? Niliomba kufundishwa kuzima moto." Akamtazama. "Nilidhani wewe ndiye uliyeomba."

"Na mimi nilidhani wewe."

Mzee yule, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kiganja ukutani hadi fremu ikaruka. Tadokoro alikuja mbiombio, glasi ya chai baridi mkononi, Segawa nyuma yake.

"Taratibu, jamani. Kuna wageni."

"Tadokoro, huu muhuri wangu umefikaje hapa?"

"Mambo ya ofisi hayo. Mbona uliupiga mwenyewe?"

"Kwenye moto niliupiga!"

"Si ni mtaa uleule?" alisema Tadokoro. "Nyumba za mbao, moto, usalama. Nia ni moja. Nimewapunguzia tu kazi ya kupiga mara mbili."

Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu aliyewabebea wenzake takataka hadi jalalani. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa ameandika namba za mita ambazo hakuna aliyezikagua, na hakuwahi kuongeza hata moja. Akafungua mfuko wake.

"Mzee, simama hapo katikati. Picha kushoto kwako, ombi kulia. Mwenyekiti, usiondoke, umekaa vizuri."

"Bi Orihara, samahani sana," alisema Segawa kwa sauti ileile ya muuguzi. "Hapa ndani hairuhusiwi kupiga picha."

"Picha za nani?"

Tsuneko akapiga mara tatu.

Kesho yake ule mkono ulikuwa umeondolewa ukutani, na ombi pia. Hilo halikumsaidia mtu, kwa sababu filamu ilikuwa kwenye kopo la biskuti nyumbani kwa Tsuneko. Alichapisha nakala, akaenda kwanza nyumba kwa nyumba kwa kila aliyekuwa ukutani kule kumwomba radhi. Wawili walimtaka akate filamu zao, akazikata. Kumagae hakutaka ikatwe. Kisha Tsuneko akaibana ile picha mpya kwenye ubao wa zamu na kuweka chini yake karatasi tupu isiyo na miraba. Juu aliandika: Safari hii msipige muhuri. Andikeni kwa mkono wenu, mnataka au hamtaki.

Ubao ambao huzunguka mtaa kwa siku mbili ulichukua siku kumi na moja. Watu walikuwa wanausoma. Ishirini na wawili waliandika hawataki. Wanane waliandika wanataka, na mmoja wao, mama wa nyumba ya tatu, aliongeza kwamba magoti yake hayawezi tena ngazi na haoni haya kulisema. Tsuneko alisema huyo ndiye mtu aliyestahili kuulizwa tangu mwanzo. Tadokoro hakuandika chochote.

Tsuneko aliipeleka karatasi na picha ofisi ya mipango, na Agosti ofisi ililirudisha ombi. Kampuni ilieleza kwamba kulikuwa na upungufu katika utaratibu wa kukusanya maoni. Tadokoro aliacha uenyekiti kwa sababu za kiafya, ingawa anaonekana kila asubuhi akifanya mazoezi. Neno kughushi halikutumika katika barua yoyote. Kampuni haijaondoka, inaanza upya, na Kumagae anashona akijua hivyo.

Picha zilirudishwa kwa posta, thelathini na tisa. Ya Kiyono haikuwemo. Tsuneko alikwenda kuidai kwenye ukumbi, akaletewa ikiwa na matundu ya pini kwenye kona zote nne. Alimsubiri Segawa, akamkabidhi bahasha.

"Nini hiki, Bi Orihara?"

"Nakala yako. Umo kwenye picha, nyuma ya Tadokoro. Kila niliyempiga hupata yake."

Segawa aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru. Kisha akaifungua na kuitazama. Tsuneko aliuingiza mkono mfukoni, akashika mkasi, akangoja kuona kama atakunja uso.

Hakukunja.

"Basi naihifadhi," alisema Tsuneko, akaondoka na Kiyono kwapani.