Makumbi Yaliyolala Baharini

Siku ile tulikuwa watano uani kwetu Matombo: mimi, dada yangu Felista, aliyefiwa na mumewe akarudi nyumbani, mjomba wetu Kaspari, mkubwa wa ukoo, mama mkubwa Anjela, dada yake mama, na shemeji Rajabu, mdogo wa marehemu, msuka kamba wa pwani, aliyekuja na gunia la makumbi ya nazi yaliyopondwa.

Mjukuu wangu, kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayegawa. Felista alipewa kipande cha bondeni kwa sharti: mvua zikianza kiwe na miche, la sivyo anapewa mwingine. Mbegu zake za ngogwe, zile nyanya chungu, alizoachiwa na mama, alikwisha kuzisia nusu kwenye udongo, kinyausi kikaiozesha mashina na kuilaza miche yote. Rajabu alikuwa amesikia kwamba kwenye makumbi miche haiozi, ndiyo maana akayaleta.

Mama mkubwa aliyaloweka kidogo kwenye kata, akaonja maji yake, akatema.

"Haya yamelala baharini, kama ya wasuka kamba wote. Chumvi tupu! Yaoshe, mwanangu, uyaoshe tena, mpaka maji yakose ladha."

"Mama, maji ya kunywa yenyewe tunapanda nayo mlima. Ya kuogeshea makumbi nitayatoa wapi?" Felista akauliza.

Rajabu akacheka. "Bi Anjela, umepewa mchuzi wa bure unatema!"

"Cheka tu, wewe hulimi." Kisha akamgeukia mjomba. "Kaspari, mwongezee muda. Ana msiba huyu."

"Wenzake nao wanalingoja bonde hilohilo. Nimeshasema."

Basi Felista akasia mbegu zote zilizobaki kwenye makumbi yale, bila kuyaosha. Ziliota vizuri, tukafurahi. Halafu ncha za majani zikaanza kuwa kahawia kama zimebabuliwa na moto, leo mstari huu, kesho ule. Alikuwa anakaa pale kitaluni, mkono shavuni. Mvua ikaja, mche hata mmoja haukubaki, bonde akapewa mwingine. Felista akashuka Bigwa kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, hadi alipofariki. Hata kumzika mama mkubwa hakupanda kurudi Matombo.

Siku hizi nawaona mnanunua makumbi yaliyogandamizwa kama tofali, mnayalowesha na kusia papo hapo. Yaoshe kwanza, mjukuu wangu, uonje maji yake kwa ulimi wako. Mbegu usisie zote, bakiza. Mche ukishatoa majani yake ya kweli, upe mbolea kidogo, maana makumbi hayana chakula ndani yake. Na wewe utakayekuja kugawa ardhi ya ukoo, ukimpa mfiwa shamba, mpe na muda.

Mungu awajalie maji karibu na nyumba, na watu wa kuwasubiri.

Majina nadhani nimeyapata yote. Nikikosea, nisahihisheni. Na kama yupo aliyemwona Felista akirudi Matombo, hata mara moja, aniambie. Hapo ningependa niwe nimekosea.