Ugonjwa Ulioingilia Kwenye Ua

Juzi, njiani kwenda Buseresere, nilimwona mama mmoja akivunja ua la mgomba kwa mti wenye panda, wadudu wasije wakalifikia. Nikakumbuka kwetu, nilipokuwa mtoto.

Ndizi zetu zilikuwa zikiiva kabla ya wakati, ndani zikawa kahawia. Bwana shamba alikata mgomba mmoja, ukatoa usaha wa njano wenye harufu ya uchachu. "Mama Kabula," alimwambia mama yangu, "ugonjwa unaingilia kwenye ua."

Mimi Kabula, ua niliokuwa naujua ni ule wa minyaa uliozunguka mji wetu. Alasiri nzima niliziba matundu yake kwa miiba, utomvu ukiniwasha vidole, kisha nikakaa langoni na fimbo kuungojea huo ugonjwa. Nyuki walipita juu ya kichwa changu wakivuma, wakielekea migombani. Niliwapisha. Sikujua kwamba ndio walioubeba.

Jua lilipopoa, mama alitoka shambani na panga mkononi.

"Mama, hakijapita kitu," nikamwambia.

Aliitazama miiba yangu.

"Umelinda vizuri, mwanangu," akasema.

Nyuma yake hapakuwa na mgomba hata mmoja uliosimama.